Tahadhari: Muuzaji wa thini klayenti "zilizoboreshwa" zenye SSD bandia

Ndugu zangu mnaotafuta kompyuta ndogo za kufanyia seva ya nyumbani, naandika haya nikiwa na mashine mbili mezani ambazo si zile nilizozilipia. Kuna muuzaji wa mtandaoni anayeuza thini klayenti zilizotumika, yaani vile visanduku vidogo ambavyo maofisi huvitumia kuwaunganisha wafanyakazi na seva, akidai kwamba ameziongezea RAM (kumbukumbu ya muda ambayo programu huitumia zikiwa zinaendeshwa), ameziwekea SSD mpya (hifadhi ya kudumu ya data) na kuzijaribu moja baada ya nyingine. Jina la duka lake halitawasaidia, kwa kuwa hulibadilisha kila malalamiko yanapozidi. Mbinu zake, hata hivyo, ni zile zile.

Tangazo nililolijibu lilikuwa la thini klayenti ya HP t620 yenye prosesa ya viini vinne, RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256. Nilikusudia moja iwe rauta na ya pili ihifadhi nakala za picha za familia, na bado naamini kwamba t620 inazifaa kazi hizo: haina feni, ina nafasi mbili za RAM ya aina ya DDR3L, na ina nafasi ya M.2 (tundu dogo kwenye bodi) kwa ajili ya SSD ya aina ya SATA. Tatizo ni kwamba HP waliitoa mashine hii ikiwa na prosesa ya GX-217GA yenye viini viwili na pia ikiwa na GX-415GA yenye viini vinne, na sanduku la nje ni lile lile, kwa hiyo ukiitazama kwa nje huwezi kuzitofautisha. Zangu zote mbili zilikuwa za viini viwili, na RAM ilikuwa GB 4. Nilipopitisha ukucha kwenye pembe ya stika ya chini ya sanduku, ilibanduka kwa urahisi, na chini yake palikuwa na gundi iliyokauka ya stika ya awali iliyokwanguliwa.

Kilichoniudhi zaidi ni SSD. BIOS, yaani programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, ilionyesha GB 256, mfumo ulionyesha GB 256, na mtu anayeiwasha tu na kuiangalia angeridhika. Lakini kidhibiti cha SSD, yaani chipu inayoiendesha, kinaweza kuandikwa upya ili kitangaze ujazo ambao chipu za kuhifadhia data hazina, na ukivuka ujazo halisi kinaendelea kupokea data kana kwamba kila kitu kiko sawa, huku data hiyo ikipotea au ikiandikwa juu ya ile ya mwanzo. Niliiwasha mashine kwa flashi yenye Linux, nikaendesha f3write, programu inayoijaza hifadhi kwa faili za majaribio, nayo ikaandika faili zake za GB 1 hadi mwisho bila kulalamika. Nilipoendesha f3read ili kuzisoma, zilizokuwa salama ni 1.h2w hadi 14.h2w tu, zilizobaki zote zilikuwa zimeharibika. Hebu fikirini ningehamishia humo picha zetu, nikafuta zile za kwenye simu, kisha nikaja kulijua hili baada ya mwaka mmoja! Wanaotumia Windows wanaweza kufanya kipimo kama hicho kwa programu ya H2testw, na kwa vyovyote vile kifanyike kabla ya kuhifadhi chochote cha thamani. Jaribio hili huchukua muda mrefu, lakini kuonyeshwa picha ya ukurasa wa BIOS hakuwezi kuchukua nafasi yake.

Nilipoyapitia matangazo yake mengine, niligundua kwamba baadhi ya maboresho anayoyauza hayawezekani kabisa. Anatangaza Dell Wyse 3040 iliyoongezewa RAM hadi GB 8, ilhali RAM ya mashine hiyo ni GB 2 iliyochomelewa moja kwa moja kwenye bodi, na hata hifadhi yake ya eMMC, yaani chipu ya kuhifadhia data, imechomelewa vivyo hivyo. Anatangaza Wyse 5070 yenye SSD ya NVMe, aina yenye kasi zaidi kuliko SATA, ilhali nafasi yake ya M.2 inasoma SATA tu. Kwa hiyo kabla ya kulipa, tafuteni maelezo ya mtengenezaji kuhusu modeli husika. Adapta nazo ziangaliwe, hasa kwa Wyse 3040, kwa sababu zipo zinazotumia volti 5 na zipo zinazotumia volti 12. Ukiichomekea ile ya volti 5 adapta ya volti 12, unaweza kuiunguza.

Huyu muuzaji pia huziwekea Windows 10 na kuahidi kwamba zitapanda hadi Windows 11. Microsoft waliacha kutoa msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya kompyuta) pamoja na prosesa iliyomo katika orodha yao, ambamo GX-217GA na GX-415GA hazimo. Mfumo wowote mnaoukuta umewekwa na mtu msiyemjua ufuteni, hata kama unafanya kazi vizuri.

Sasa nije kwenye jambo linalomwezesha kuendelea na utapeli wake, nalo ni danadana. Mashine yangu ya pili ilidai nywila ya BIOS kila nilipotaka kubadilisha mpangilio wa kuwasha. Nilipomwandikia, alijibu kwa upole sana, akaniambia nitoe betri ndogo ya bodi, nisubiri siku nzima, kisha niirudishe. Katika kompyuta nyingi za aina hii nywila huhifadhiwa kwenye chipu isiyotegemea betri hiyo, na haikufutika. Akaniambia nijaribu tena kwa siku mbili. Baadaye akasema atanitumia SSD nyingine, kisha akatoa pendekezo la kunirudishia sehemu ya fedha, kwa sharti kwamba kwanza nifunge malalamiko yangu kwenye tovuti. Hapo ndipo nilipong'amua kwamba kila ushauri wake ulikuwa unakula siku za dhamana ya mnunuzi, yaani muda ambao tovuti inakuruhusu kudai fedha zako. Kwenye tovuti nyingi, malalamiko yakishafungwa hayafunguliwi tena. Niliyaacha wazi, nikaambatisha matokeo ya f3read pamoja na picha ya gundi ya ile stika, na nikaendelea kuwasiliana ndani ya tovuti tu, ingawa alinisihi mara tatu tuhamie kwenye namba yake ya simu.

Nimerudishiwa fedha za mashine moja, na shauri la ile ya pili bado linaamuliwa. Wakati huohuo picha za matangazo ya muuzaji huyo zimeshaonekana kwenye duka lenye jina jingine. Mtazitambua kwa sababu zote zinaonyesha sanduku lililofungwa, limesimama wima juu ya kitambaa cha kijivu, na hakuna hata moja inayoonyesha ndani. Mkikutana na tangazo la namna hiyo, mwombeni afungue mfuniko na apige picha ya bodi ikiwa na kikaratasi chenye tarehe ya siku hiyo. Mimi nilimwomba hivyo kupitia akaunti ya rafiki yangu, naye akajibu kwamba mzigo umeshafungashwa.