Msumeno wa nakshi wa inchi 16 kwa kazi ya visanduku vya mbao: pale unapotosheleza na pale unapochosha

Anayetaka kutengeneza visanduku vya mapambo na kuviuza hahitaji karakana nzima. Anahitaji msumeno wa nakshi wa mezani, drili, vibano vya kutosha na mbao iliyokauka vizuri. Msumeno unaopatikana kirahisi zaidi ni ule wa inchi 16 wa daraja la chini, unaouzwa kwa nembo nyingi lakini umbo lake ni karibu lile lile: mota ya wati 90 hadi 125, bledi inayopanda na kushuka mara 400 hadi 1,600 kwa dakika, meza inayolala hadi nyuzi 45 upande mmoja, na uwezo wa kukata unene wa milimita 50 hivi. Tunaupima hapa kwa kazi hiyo moja tu. Kwa kisanduku kinachojengwa kwa tabaka, mashine hii inatosha na inalipa. Kwa kifuniko chenye matundu 40 ya nakshi, itakuchosha kabla haijakulipa.

Inchi 16 ni nafasi kutoka kwenye bledi hadi nguzo ya nyuma, yaani sentimita 40 hivi. Kisanduku cha kuuza kwa kawaida hakizidi sentimita 20, kwa hiyo kukimbilia mashine ya inchi 20 kwa sababu ya nafasi tu ni kutupa pesa. Kinachoitofautisha mashine ya gharama kama DeWalt DW788, au Hegner za Ujerumani, ni utulivu wake na wepesi wa kubadili bledi. Hayo mawili ndiyo yanayokosekana kwenye mashine ya bei nafuu, na yanazibika kwa kiasi.

Tuanze na bledi, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa wakadhani mashine ni mbovu. Bledi zinazokuja ndani ya katoni mara nyingi ni za pini, yaani zina kipini kilichopita pembeni kila mwisho. Ili kipini kipite ndani ya ua au jani unalotaka kulitoboa, unahitaji tundu la milimita 5 au 6, na tundu la ukubwa huo linameza nakshi yenyewe. Tumia bledi za inchi 5 zisizo na pini. Mashine nyingi za inchi 16 huzipokea kwa vibano vinavyofungwa na alenki, yaani ufunguo wa pembe sita. Ile inayopokea za pini peke yake usiinunue kwa kazi hii. Kwa namba za ukubwa wa bledi, namba 3 inafaa kifuniko cha milimita 6 hadi 9, namba 5 ni ya mbao ya milimita 18, na namba 7 ni ya mkongo au mbao nyingine ngumu ya milimita 20 na zaidi. Namba 3 hupita kwenye tundu la milimita 1.5 tu. Chagua zile ambazo meno machache ya mwisho kwa chini yamegeuzwa kutazama juu, kwa sababu bila hayo upande wa chini wa mbao huchanika nyuzi, na utapoteza saa nzima kwa msasa.

Bledi nyingi hukatwa kwa kupigwa chapa kwenye bati la chuma, na upande mmoja hubaki na ukingo mkali zaidi wa mwingine. Ndiyo maana ukisukuma mbao mbele moja kwa moja, njia ya msumeno inahama, mara nyingi kwenda kulia. Mashine haina kosa. Geuza mbao nyuzi chache hadi msumeno ufuate mstari, kisha ushike pembe hiyo hiyo kazi nzima. Kuhusu uhai wa bledi, kwenye mbao ngumu hesabu dakika 15 hadi 45. Ukiona unaanza kusukuma kwa nguvu, au kingo zinabadilika rangi kuwa kahawia, itoe. Bledi butu ikilazimishwa hupinda tumboni, na ukuta wa kisanduku unatoka umebinuka katikati: juu umefuata mstari, chini uko milimita 2 nje.

Bledi zikikatika mfululizo, kagua mambo matatu kabla ya kulaumu mwenye duka. Kwanza mkazo: ukiisukuma kwa kidole isipinde zaidi ya milimita 3, na ukiipiga kwa ukucha itoe mlio mwembamba ulio wazi. Pili, bledi imekaa imepindana kati ya kibano cha juu na cha chini, hivyo inajinyonga kila inaposhuka. Tatu, nyuso za vibano zina mafuta ya kiwandani, bledi inateleza na mkazo unapotea bila wewe kujua. Zisugue kwa msasa namba 220 na ufute kwa spiriti siku ya kwanza kabisa. Kuungua kwa mbao kuna dawa rahisi: bandika selotepu pana ya kufungia katoni juu ya mbao kabla ya kukata. Utelezi wa tepu hiyo hupunguza joto la bledi, na tofauti inaonekana waziwazi kwenye mbao ya milimita 18.

Mtikisiko ndio udhaifu mkubwa wa mashine nyepesi. Ikikaa bila kufungwa juu ya meza ya plaiwudi, kwenye kasi ya 1,200 inatembea. Ifunge kwa bolti nne kwenye benchi zito, weka chini yake kipande cha mpira wa tairi la gari, na kama benchi ni jepesi liwekee mfuko wa mchanga chini. Baada ya hapo kasi ya 800 hadi 1,100 inatulia vya kutosha kwa mbao ngumu. Kasi ya juu kabisa iache. Haiongezi mwendo wa kazi, inaongeza joto.

Kipimo cha nyuzi kilichochorwa chini ya meza usikiamini hata kidogo. Chukua kipande cha mbao cha unene wa milimita 45, kikate kwa mbele kwa kina cha milimita 2 tu, kisha kizungushe nyuma ya bledi bila kukigeuza juu chini. Bledi ikiingia yenyewe kwenye njia uliyokata, meza iko skwea. Ikigonga pembeni, rekebisha na urudie. Kipimo hiki hakihitaji kifaa chochote na hakidanganyi. Tundu la katikati ya meza nalo ni pana mno, vipande vidogo vya nakshi huanguka au huvunjika hapo. Bandika karatasi ngumu ya plastiki yenye tundu la milimita 1 na tatizo linaisha.

Sasa kisanduku chenyewe. Milimita 50 zilizoandikwa kwenye katoni ni kweli kwa mbao laini kama msindano. Kwenye mninga, mota ya wati 90 itakata, lakini polepole sana na ukuta utabinuka. Usichimbe kisanduku kwenye gogo moja. Kwa kisanduku cha mviringo wa yai cha milimita 120 kwa 85, kata pete tatu za mbao ya milimita 18, sakafu ya milimita 5 na kifuniko cha milimita 9. Ukuta wa milimita 8 unatosha. Kata ndani kwa kufuata mstari, nje acha milimita 1 ya ziada. Nyuzi za mbao za tabaka zote, sakafu ikiwemo, zielekee upande mmoja, ili mbao ikinywea inywee pamoja. Gundi nyeupe ya mbao ina tabia ya kuteleza ukikaza vibano, na pete zinahama. Pigilia misumari miwili midogo kwenye pete ya chini, ikate ibaki imechomoza milimita 1, halafu bonyeza pete ya juu juu yake. Acha vibano kwa saa moja, na usipige msasa mzito kabla ya siku kupita.

Mpangilio wa kazi ni muhimu: ndani ya pete piga msasa kabla ya kubandika sakafu. Ukishabandika, kona ya chini haifikiki tena. Nje piga mwisho, pete zote zikiwa zimeshikana, namba 80 hadi mistari ya gundi ipotee, halafu 120, 180 na 240.

Kifuniko kina kazi mbili. Ya kwanza ni mdomo: kipande cha milimita 4 kilichochorwa kwa kufuata ndani ya kisanduku, kikapunguzwa hadi kibaki na nafasi ya nusu milimita kila upande, kisha kikagundishwa chini ya kifuniko. Ya pili ni ya kupendeza macho, nayo ni kupachika nakshi ya mbao ya rangi nyingine juu ya kifuniko bila kuacha pengo. Unabandika mbao mbili za unene sawa moja juu ya nyingine, unalaza meza kidogo na kuzikata pamoja. Kipande cha mbao moja kinaingia kwenye tundu la nyingine na kujaza njia ya msumeno. Pembe inatokana na unene. Ikiwa njia ya bledi ni milimita 0.4, mbao za milimita 6 zinahitaji karibu nyuzi 4, za milimita 10 zinahitaji nyuzi 2.3, na za milimita 18 zinahitaji nyuzi 1.3. Hapa ndipo kipimo cha meza kinapokuangusha, maana nusu nyuzi tu inatosha kufanya kipande kining'inie juu au kizame. Nunua kipimo kidogo cha kidijitali chenye sumaku. Zungusha mbao upande mmoja tu muda wote. Ukibadili mwelekeo katikati, mshazari unageuka na kipande hakiingii. Jaribu kwanza kwenye mabaki.

Kifuniko cha nakshi ya matundu ndicho kinachoishinda mashine hii. Kila tundu linataka ufungue kibano cha juu kwa alenki, upitishe bledi, ufunge, ukaze mkazo kwa kishikio cha nyuma, ukate sekunde 20, halafu urudie. Nusu ya muda inaishia kwenye alenki. Mtu mwenye oda za vifuniko hivyo kila wiki anunue mashine yenye kufuli ya mkono na mkazo wa mbele, hata kama ni ya mtumba.

Kuhusu mbao, mabaki ya maseremala wa fanicha, kama pale Keko jijini Dar es Salaam, yanatosha kuanzia. Mninga unakatika vizuri na unang'aa. Mvule una tatizo la mawe madogo meupe ndani yake. Bledi mpya inaweza kuisha kwa mkato mmoja, na vumbi lake huwasha ngozi na kifua, kwa hiyo barakoa ya vumbi ni lazima. Msaji una mafuta yanayokataa gundi, futa kwa thina dakika chache kabla ya kugundisha. Mpingo ubaki kwa vipande vya kupachika tu, na kumbuka uko kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017, hivyo usimwahidi mteja wa nje shehena kubwa bila kuuliza vibali.

Mteja wa Mji Mkongwe, Zanzibar, au wa soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, akishika kisanduku anafanya jambo moja kabla ya yote: anafungua kifuniko na kunusa. Usipake mafuta ya kitani ndani, yananuka wiki nyingi kwenye nafasi iliyofungwa. Ndani paka shelaki nyembamba au nta ya nyuki. Nje mafuta ya kitani ni mazuri, ila matambara yake yatandazwe nje yakauke. Yakikunjwa pamoja yanaweza kujiwasha moto yenyewe. Na kama kisanduku kinakwenda Ulaya, nyumba inayopashwa joto wakati wa baridi huikausha mbao kuliko hali yoyote ya pwani yetu, na upana wa milimita 85 unaweza kunywea karibu milimita 1. Ile nafasi ya nusu milimita kwenye mdomo wa kifuniko ndiyo inayokuokoa na malalamiko.

Kwenye bei, umeme usikusumbue: saa tano za kukata kwa wati 100 ni nusu yuniti. Hesabu bledi, msasa, gundi, kitambaa cha mahameli na saa zako. Msasa unakula muda kuliko msumeno, mara nyingi zaidi ya nusu ya kazi yote. Kwa hiyo pesa ya kwanza ya faida ipeleke kwenye sanda ya ngoma, yaani mashine ya msasa unaozunguka, si kwenye msumeno mkubwa zaidi.

Dukani, kabla ya kulipa, washa mashine kwa kasi ndogo kisha panda taratibu ukisikiliza kama kuna mgongano kwenye viungo vya mkono. Tikisa mkono wa juu kushoto na kulia. Mkono ukicheza, bushi zimekwisha au hazikukazwa. Uliza kama vibano vya bledi vinauzwa peke yake, kwa sababu ndivyo vinavyokufa kwanza. Soma kibati cha mota: iliyoandikwa volti 120 imeletwa kutoka Marekani na itahitaji transfoma. Anayetumia sola ahakikishe inveta yake inatoa mawimbi safi. Zile za mawimbi ya ngazi huchanganya kidhibiti cha kasi, bledi ikawa inakwenda kwa kushtuka, na mota inapata joto bila sababu.