Spesa na spairometri zimenitoa wodini (uzoefu wangu na pumu)

Wenzangu wa pumu hii ni yenu. Mwaka jana nimelazwa mara tatu, kila safari nebulaiza (mashine ya kuvuta dawa kama mvuke), vidonge vya prednisoloni vya kupunguza uvimbe siku tano, narudi zangu Mbagala na inhela ya bluu (salbutamol, ya kufungua kifua haraka) niliyokuwa naimaliza kila mwezi, dozi 200 zote, nimeshaambiwa nina pumu sugu basi nikajua ndo maisha yangu hayo.

Kilichonibadilishia ni spairometri, kipimo cha kuona unapuliza hewa kiasi gani. Ile ya bluu huivuti masaa manne kabla, unajaza kifua halafu unapuliza kwa nguvu zako zote mpaka nesi aseme basi, mara tatu, nilikohoa mpaka machozi. Wanakupa dawa, unakaa robo saa, unapuliza tena. Nilianza na hewa lita 1.52 nikafika 1.96. Ikipanda kuanzia asilimia 12 na zaidi ya ml 200 ujue njia za hewa bado zinafunguka.

Halafu daktari akasema hebu vuta nione. Nikavuta. Akaniambia dawa yako yote inaishia kooni. Miaka tisa jamani! Hakuna aliyewahi kuniangalia, inaniuma mpaka leo, na hiyo bluu inafungua kwa muda tu, uvimbe wa ndani unabaki palepale, kumbe kabla ya kuita pumu sugu hayo mawili, kipimo na unavyovuta inhela, ndo ya kuangalia kwanza.

Sasa natumia inhela ya budesonide (ya kupunguza uvimbe) na formoterol (ya kufungua njia za hewa) kupitia spesa, kile chombo cha plastiki unachochomeka inhela upande mmoja na kuvutia upande wa pili. Unabonyeza mara moja, unavuta taratibu, unabana pumzi unahesabu mpaka kumi. Ubaya wake spesa inajaza mkoba na hela yake si ndogo, ndo maana wiki mbili za mwanzo nesi alinitobolea chupa ya maji ya nusu lita kitakoni, inhela inakaa hapo, inasaidia kabisa. Spesa ioshe kwa sabuni iache ikauke yenyewe, usiifute na kitambaa. Na ukimaliza kuvuta sukutua mdomo, mi nilipuuza nikaota utando mweupe ulimini.

Nyumbani nina kile kipimo kidogo cha kupuliza (pikifloo, kinaonyesha hewa inatoka kwa kasi gani), asubuhi na jioni naandika. Nilianza lita 210 kwa dakika, siku hizi 370. Wiki iliyopita mvua, kibaridi kilekile cha kunikimbiza hospitali usiku, nikapuliza 320, nikaongeza dozi kama nilivyoandikiwa, nikalala mpaka asubuhi.