Seti ya mbegu na wadudu kwa watoto: kopo zuri, kadi za kutilia shaka

Karibuni. Leo mezani kuna seti ya sayansi ya viumbe hai kwa watoto wa miaka 4 hadi 7: kopo la plastiki angavu la kuoteshea, maharage 5, pamba, kopo la kutazamia wadudu lenye lenzi kwenye kifuniko, na kadi 12 za picha. Seti za namna hii zinafanana kama mapacha, kwa hiyo haya yatakufaa hata kama yako ni ya rangi nyingine.

Naanza na kopo la kuoteshea, maana hapo ndipo pesa yako ilipo. Uzuri wake ni huu ukuta. Mbegu ikifukiwa udongoni, mtoto anatazama udongo siku nzima nzima, anachoka, anaifukua, na mchezo umeisha. Hapa mbegu inabanwa kati ya pamba na ukuta, na kila asubuhi kuna jipya la kuona.

Tatizo ni maelekezo. Yanasema jaza maji hadi nusu. Usithubutu! Mbegu inapumua, ukiizamisha inakosa oksijeni, inalegea, inanuka, halafu lawama anatupiwa muuzaji. Fanya hivi: loweka maharage saa 8 hadi 12. Lowanisha pamba, ikamue mpaka isidondoke, ijaze koponi hadi isukume ukuta, kisha chomeka mbegu katikati ya kimo cha kopo. Chini weka maji ya kina cha sentimita 1 tu, yasiifikie mbegu. Pamba itayavuta yenyewe.

Ila kabla ya kuchomeka, toa harage moja lililolowa ulifute. Sogea hapa karibu, tazama. Upande uliobonyea kuna kovu: hapo ndipo harage lilipokuwa limeshikana na ganda lake. Pembeni ya kovu kuna kitundu kama ncha ya sindano. Sasa libinye taratibu... umeona hilo tone? Limetokea kitunduni. Menya ngozi, tenganisha vipande viwili: katikati pamelala mmea mzima, vijani viwili vyembamba na kimzizi kilichojikunja. Hivyo vipande vinene ni akiba ya chakula chake. Ndiyo, umepoteza mbegu 1 kati ya 5, lakini kwa mtoto hilo ndilo somo lenyewe.

Kwenye joto la nyuzi 20 hadi 30 za Selsiasi, mzizi huchomoza kati ya siku ya 2 na ya 4. Karatasi inasema weka juani tangu mwanzo. Wapi! Harage halihitaji mwanga ili liote, na kopo la plastiki kwenye jua kali linageuka jiko. Lisogeze dirishani majani yakianza kufunguka. Mzizi ukifika sentimita 3, lilaze kopo ubavu, maji ukiwa umeyamwaga kwanza. Kesho yake ncha ya mzizi itakuwa imepinda kuelekea chini. Hilo halimo kwenye maelekezo, nami naona ndilo jaribio bora kuliko yote kwenye boksi.

Kopo la wadudu ni la kawaida tu. Lenzi inatosha kuhesabu miguu, ila matundu ya hewa ni mapana, sisimizi wanatoka watakavyo. Tia jani na kipande cha karatasi yenye unyevu, mtazame kwa nusu saa, kisha mrudishe mlipomtoa. Kopo likae kivulini: lenzi ikikusanya miale ya jua inaunguza. Tandu anauma, nyuki na nyigu wanachoma, na viwavi wenye manyoya wanawasha, hao waacheni. Jongoo anafaa sana, lakini baada ya kumshika nawa mikono. Karibu kila pingili yake ina jozi mbili za miguu. Tandu ana jozi moja kwa kila pingili.

Kadi sasa. Ya kipepeo iko sawa: yai, kiwavi, pupa, kipepeo. Lakini buibui amewekwa kundi la wadudu! Mdudu ana miguu 6, buibui ana 8. Na uyoga umepangwa na mimea, wakati ni kuvu, haujitengenezei chakula kwa mwanga wa jua. Mpe mtoto kalamu asahihishe kadi mwenyewe.

Kama kopo la kuoteshea linauzwa peke yake, nunua hilo, uachane na boksi zima. Mbegu zikiisha tumia maharage makavu ya kupikwa, ya karibuni, yasiyotobolewa na wadudu. Usichukue mbegu za kupanda zilizopakwa rangi ya waridi, kijani au buluu: rangi hiyo huwekwa kuonya kuwa zimetiwa dawa, na mkono wa mtoto hauchelewi kufika mdomoni.