Betri ya maji au AGM kwa gari la spoti linalolala Shangani

Gari langu hutoka Jumapili tu, Shangani hadi Mikindani, hapa Mtwara, na kurudi. Safari fupi hivyo haijazi betri, na alamu inanyonya umeme wiki nzima.

Betri ya maji ni nafuu, ila inataka mkono wako. Fungua vifuniko kila mwezi. Kabla pleti za risasi zilizo ndani hazijachungulia juu ya maji, ongeza maji yasiyo na madini, kamwe si ya bomba wala asidi. Ikikaa chini ya volti 12.4, salfeti, yaani chumvi ya risasi, huganda kwenye pleti na nguvu hairudi yote.

AGM ni betri iliyofungwa, asidi yake imenywewa na mikeka ya nyuzi za kioo; haiongezwi maji na hupoteza chaji polepole ikipumzika. Bei yake inauma, na chaja isiyo na mpangilio wake inaweza kuikausha. Ikishakauka, basi.

Mimi nachagua AGM, pamoja na chaja inayojizima yenyewe. Maegesho hayana umeme? Bado AGM, lakini chomoa waya wa hasi ukishaegesha.

Upepo wetu wa chumvi haubagui. Juzi nimekuta unga wa kijani umefunika nati nzima ya kichwa cha betri. Nikausugua kwa brashi na magadi, nikakausha, nikapaka grisi.