Spika Mpya, Mlango Uleule

Haya wadau, karibuni. Leo nimekaa chini kabisa, mlangoni mwa Toyota IST yangu. Kava nimeshaling'oa, kwa hiyo mtavumilia vumbi. Swali ninaloulizwa kila siku ni, "Kaka, ninunue spika gani gari ipige vizuri?" Nami jibu langu linawaudhi watu: nionyeshe kwanza mlango wako.

Lakini tuanze na spika, maana ndiyo mliyoijia. Hii mkononi ni Pioneer TS-G1620F, inchi sita na nusu, wufa ya sauti nzito na twita ya sauti nyembamba viko pamoja. Mbele ya boksi wameandika kwa herufi kubwa wati 300. Sasa soma haya maandishi madogo... wati 40. Hiyo 40 ndiyo ambayo spika inaweza kula muda wote bila kuungua. Ile 300 ni ya kufumba na kufumbua. Kampuni karibu zote zinaandika hivyo, sina ugomvi nazo. Ila ukipita Kariakoo ukakuta spika ya bei ya chipsi kuku imeandikwa wati 1000, cheka, endelea na safari.

Na redio yako je? Imeandikwa 50 mara nne, si ndiyo? Bila amplifaya ya pembeni, kila spika inapata wati 15 hadi 20 hivi za kweli. Umeme wa gari ni volti 12 hadi 14 na ushee, spika ni omu 4, hesabu haiendi mbali. Kwa hiyo kama huna amplifaya, achana na wati, tafuta namba ya dB, yaani desibeli, inayoonyesha spika inatoa sauti kubwa kiasi gani kwa wati ileile. Spika ya dB 88 inahitaji wati mara mbili ili ilingane na ya dB 91. Hapo ndipo redio ya kawaida inaposaidika.

Zipo pia seti ambazo twita inakaa peke yake, na kuna kiboksi cha krosova cha kugawa sauti. Twita ukiipandisha kwenye nguzo ya kioo cha mbele, mwimbaji anatoka magotini anakuja usoni. Tamu sana! Ila lazima utoboe, na ikikutazama moja kwa moja inachoma masikio. Kwa mizunguko ya mjini, hizi za pamoja zinanitosha. Spika za milango ya nyuma ndiyo kabisa, pesa yake ningeiweka kwenye huu mlango.

Sogeza kamera hapa. Unaona tundu hili? Mkono wangu unazama mpaka kwenye kiwiko. Limezibwa na hii nailoni tu. Spika ikisukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta. Hewa hizo mbili zikikutana kupitia matundu haya, zinafutana, na kinachopotea kwanza ni besi. Ndiyo maana mtu ananunua spika ya laki mbili halafu inalia kama ya bodaboda.

Nimebandika shiti nzito za kuzuia mtetemo, hizi zenye foili juu. Sikia mlango ambao sijaugusa... ng'waa, kama debe. Na huu... du. Kama unapiga gunia la unga. Matundu makubwa nimeyaziba, ila yale madogo ya chini usiyaguse, ndiyo yanayotoa maji ya mvua, ukiyaziba mlango unaoza. Halafu shusha kioo mpaka mwisho kabla hujakaza skrubu. Sumaku ikiwa nene, kioo kinaigonga. Ringi ya kushikia spika, nunua ya plastiki. Zile za MDF, mbao za unga wa mti ulioshindiliwa, zikinywa maji zinavimba kama mkate kwenye chai.

Sasa waya. Mwaka jana fundi mmoja alinifungia spika, nikatoka najisifu. Wiki mbili naendesha najiuliza besi imekwenda wapi. Kumbe mlango wa kushoto aligeuza chanya na hasi, spika moja inasukuma, mwenzake anavuta. Kujua ni rahisi: chomoa soketi nyuma ya redio, chukua betri ya rimoti, gusisha chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Gusa tu, usishikilie. Angalia koni, huu uso wa spika unaocheza... imeruka nje. Umeona? Ikiingia ndani, umegeuza.

Kwenye redio, tafuta HPF, kichujio kinachopitisha sauti za juu tu, weka hezi 80. Hapo unaizuia spika ndogo isihangaike na besi nzito, hiyo iachie sabufa ya chini ya kiti. Utaona inapanda sauti bila kukwaruza. Na kama bado una redio ya Kijapani, nyingi za zamani zinaishia 90 kwenye FM, kwa hiyo ukiibadilisha unapata na stesheni ulizokuwa huzisikii.

Narudisha kava. Klipu mbili zimevunjika, lazima zivunjike, nunueni za akiba. Haya, naweka dansi kidogo... Unalisikia gitaa la besi? Jana halikuwepo! Ngoja, kuna kitu kinatetemeka. Si spika hiyo. Tss... ni sarafu za dala dala kwenye mfuko wa mlango. Nizitoe kwanza, halafu tusikilize tena.