Kukatisha akriliki Keko: mashine nzuri, watu sijui niseme nini

Naandika nikiwa bado na hasira, anayetaka maneno ya upole apite. Kuna karakana moja Keko, hapa Dar es Salaam, ya zile zenye mashine kubwa ya CNC, inayoongozwa na kompyuta, ya kukata milango ya MDF (mbao za unga wa mbao) na vichwa vya vitanda, na wanasema wanawakatia pia watu wa mabango akriliki, ile plastiki ngumu ya kung'aa, na ACP, yale mabati mawili membamba ya alumini yenye plastiki katikati. Kwa akriliki, msiende. Nimemaliza. Au sijamaliza, ngoja nieleze.

Mimi kazi yangu ni mabango ya maduka. Safari hii ilikuwa herufi za kusimama za duka la dawa Mbagala, DUKA LA DAWA, akriliki ya kijani, unene milimita 5, kila herufi sentimita 40 kwenda juu, taa mgongoni, na zote zikae juu ya ACP nyeupe. Kwa kawaida akriliki naipeleka kwa jamaa mmoja wa leza, lakini kitanda cha mashine yake ni sentimita 90 kwa 130. Shiti ya futi nne kwa nane haiingii mpaka uipasue kwanza. Na ACP hiyo leza yake haiiwezi kabisa, ina alumini pande zote mbili. Isitoshe siku hizi ameanza kukata hadi foreksi, yale mabao mepesi ya mabango, na foreksi ni plastiki ya PVC: ukiichoma kwa leza inatoa moshi wenye asidi, unakula reli za mashine na vifua vya watu. Nimemwambia, hasikii. Huyo naye ana siku yake.

Basi nikaona nimalize vyote sehemu moja. Nikanunua shiti Kariakoo, nikapakia kwenye kirikuu, hao Keko.

Nimefika, mwenye karakana yuko mlangoni anaongea na simu. Mzee wa makamo ya baba yangu. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaniangalia, akaangalia shiti, akaninyooshea kidole kule ndani, akaendelea na simu yake. Sawa, mtu ana simu. Nikangoja amalize, nikamwamkia tena. Akasema, "Mpe kijana flashi." Shikamoo yangu ipo hewani mpaka leo.

ACP wakaanza nayo, na hapo lazima niseme ukweli hata kama inaniuma. Ile kazi ni safi. ACP ikikunjwa vizuri siri yote iko mgongoni: unachimba mfereji wa umbo la V unaopita kwenye alumini ya nyuma na plastiki ya katikati, ibaki alumini ya mbele na utando kidogo tu wa plastiki, halafu unakunja kwa mkono. Ukizidisha kidogo, kona inapasuka. Ukipunguza, kona inavimba na rangi inapata mikunjo. Yule kijana aliipima, akajaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni, akakunja, akakiangalia, akashusha biti, ile ncha inayozunguka na kukata, kidogo, akajaribu tena. Kona zimenyooka mpaka nikapiga picha. Nikawa nishaanza moyoni kuwapa kazi za mwaka mzima.

Ikaja akriliki.

Biti ya V akaitoa, akarudisha ile aliyokuwa anakatia mlango asubuhi. Ya mbao. Nimeiona kwa macho yangu, nene, milimita 6, meno mawili, bado ina unga wa MDF shingoni. Nikamuuliza, "Kaka, ya plastiki huna? Niliomba ya milimita 3." Akasema hiyo inakata kila kitu.

Haikati kila kitu. Plastiki inataka biti kali ya jino moja, mizunguko ipunguzwe, na mwendo wa kwenda mbele uongezwe, ili chenga zitoke nzima na zitoke na joto lake. Yeye akaacha mizunguko ya mbao, halafu kwa kuogopa kuharibu akaipeleka taratibu. Wengi wanadhani taratibu ndiyo usalama. Biti ikizubaa sehemu moja inasugua badala ya kukata, joto lote linabaki kwenye shiti, na akriliki ikifika nyuzi mia na kidogo imeshalainika.

D ikapita. U ikapita kwa mbinde. Kwenye K mlio ukabadilika, ule wa kuvuma ukawa wa kukoroma. Nikasema, "Kaka, simamisha." Akanijibu bila kugeuka, "Tulia, sista." Kwenye A ya kwanza harufu ikatoka, ile kali yenye utamu wa akriliki inayoungua, kila anayefanya kazi hii anaijua. Biti imebeba donge la kijani, inazunguka nalo, donge linachora ukingo wa herufi. Na nyuma yake ule mfereji uliokwisha kukatwa unajifunga tena. Plastiki iliyoyeyuka imerudi mahali pake na kuganda, kwa hiyo herufi imekatwa lakini haitoki. Akachukua bisibisi, akaichokonoa. A ikavunjika mguu.

Akaendelea! Hakubadilisha biti, alikwangua lile donge kwa kisu akawasha tena. Ilipofika W, zile kona za ndani ambazo nilizichora kali zikatoka mviringo, maana biti ya milimita 6 haiwezi kuingia kwenye kona kali hata uisomee dua.

Ndipo nikaambiwa ile sentensi. "Sista, mashine haikosei. Labda faili lako."

Faili langu, ile michoro ya herufi iliyokuwa kwenye flashi. Hiyo sentensi nimelala nayo, nimeamka nayo. Mashine haikosei, ni kweli, mashine inafanya ulichoiambia. Nani aliiambia ikate plastiki kwa biti ya mlango? Faili linachagua biti? Faili ndilo linaloshika bisibisi? Jamani.

Nikaenda kwa mzee. Nikamwonyesha K iliyokwaruzika, A isiyo na mguu, na W. Hakuzishika hata. Akasema, "Mama, kama hutaki, kachonge kwa msumeno." Mbele ya wateja wengine, na mmoja akacheka. Mimi natafuta riziki kwa hiki kitu, nimewalea wanangu kwa herufi za watu, naambiwa nikachonge kwa msumeno.

Haya, baada ya kelele wakakubali kurudia herufi tatu. Wamezirudia kwa nini? Kwa shiti yangu. Siyo yao. Wamechukua kipande changu kilichobaki. Angalau safari hii biti nyembamba ilipatikana, ilikuwa kwenye droo muda wote, na herufi zikatoka bila kuyeyuka. Nikasema sawa, yaishe.

Hayakuisha. Wakati nabishana na mzee, kumbe yule kijana anasafisha ukingo wa zile za mwanzo kwa kitambaa chenye thina. Kwa akriliki! Plastiki iliyotoka kupata joto ina mvutano ndani yake, ukiipaka kiyeyusho kikali nyufa zinaanza, tena haziji hapo hapo ukaziona ukadai. Nilimnyang'anya kitambaa, lakini D na U zilishapata dozi yake. Siku kadhaa baada ya kufunga, mwenye duka ananipigia, "Dada, mbona hizi herufi zina nyufa?" Nikaenda, nikaona vimistari vyembamba vinaingia ndani kutoka ukingoni, na usiku taa ikiwaka ndiyo vinaonekana hasa. Nimezibadilisha kwa hela yangu. Mteja hamjui kijana wa Keko, ananijua mimi.

Sasa tuje kwenye vipande, maana hapa ndipo damu inapochemka. Herufi kumi za ukubwa ule ukizipanga vizuri zinakaa safu mbili, unabaki na kipande cha futi nne kwa zaidi ya futi mbili, ukiacha ule ukanda wa pembeni. Ondoa herufi tatu za kurudia. Bado kuna kipande cha maana, cha kutengenezea alama ya msalaba na namba ya simu ya duka. Nikaomba vipande vyangu. "Vimeisha." Vimeisha vipi? "Tumekatia zile zilizoharibika." Mafundi cherehani wana tabia hii, unapeleka kitenge doti nzima unarudishiwa gauni na salamu, lakini fundi cherehani walau anakuona haya. Hawa wamenikazia macho. Na nilikiona, kimesimama nyuma ya mapipa ya rangi, bado na nailoni yake, na alama ya kalamu yangu nyekundu kwenye kona.

Niliondoka kwa sababu kirikuu ilikuwa inangoja na dereva alishaanza kuhesabu muda.

Kwa hiyo nyota moja. Nilitaka kuandika hivyo na kuishia hapo. Lakini wiki chache baadaye nikapata kazi ya ACP, kichwa cha duka la vipodozi, mikunjo mingi, nikazunguka mjini nikaonyeshwa kona zilizopasuka na zilizovimba. Nimeirudisha Keko. Sikwenda mwenyewe, nilimtuma mdogo wangu wa kiume. Kona zimetoka zimenyooka kama zile za mwanzo, na eti yeye mzee alimwitikia marahaba yake vizuri kabisa, akamkaribisha kiti.

Basi ACP nyota nne, nyingine nimeipunguza kwa sababu ya kile kiti. Akriliki nyota hakuna, labda mwende na biti yenu, mkae pale pale mkiangalia, na thina mwiambie ikae nje. Shiti mpimeni na kuipiga picha kabla haijapanda mezani. Mdogo wangu nilimwambia achungulie nyuma ya mapipa. Anasema kipande bado kipo, ila kimeshakatwa kona moja, ile yenye alama yangu.

Jumatatu naenda mwenyewe.