Programu ya hesabu kwenye hoteli yangu: inafaa, ila makundi yapange mwenyewe

Nina hoteli ndogo karibu na soko la Kibuye, hapa Kisumu. Asubuhi ni chai na chapati, mchana ugali kwa samaki au omena, na jua likizama tumeshafunga. Tangu mwaka jana hesabu zangu ziko kwenye programu ya simu, ile aina inayosoma meseji za M-Pesa na kuyagawa matumizi yenyewe. Jina silitaji, maana ziko nyingi na tofauti zake ni ndogo. Kwa mwezi nailipia bei ya sahani mbili tatu za samaki, na sioni kama naibiwa.

Tangazo lao linasema itakupangia matumizi bila wewe kugusa kitu. Hapo usitarajie makuu. Programu inajua pesa imekwenda kwa nani, haijui imekwenda kufanya nini. Kijana wa boda anayeniletea samaki kutoka Dunga iliniwekea kwenye "Usafiri na burudani". Burudani gani, na mtu amelowa maji ya samaki tangu saa kumi na mbili asubuhi? Mama wa sukuma wiki, kwa kuwa namtumia kwenye laini yake ya kawaida, aliingia "Familia na marafiki". Duka la jumla nalo lina jina moja tu kwenye meseji, lakini pale nanunua unga wa hoteli na sukari ya watoto wangu kwa malipo yale yale.

Kitu kilichonifanya nibaki nayo ni kwamba inakubali uyafute makundi yake na uunde yako. Orodha iliyokuja nayo ilikuwa ndefu mno, hadi matangazo ya mtandaoni na vifaa vya ofisi. Nikaifyeka. Sasa nina Chakula, yaani chochote kinachoishia kwenye sahani ya mteja. Nina Moto, makaa na gesi. Watu ni mishahara na vibarua wa siku za soko. Nyumba ya biashara ni kodi, stima, maji na mzoa taka. Leseni ya kaunti na vyeti vya afya vya wahudumu vina kundi lao, na makato ya M-Pesa yana lake. Halafu kuna Vifaa, na Nyumbani. Hilo la mwisho usiliache hata kidogo. Pesa ninayotoa kwenye biashara kununulia watoto viatu si gharama ya hoteli, ni mimi nimejichotea, na lazima ionekane hivyo.

Samaki nimewatoa kwenye Chakula wakae peke yao, na omena peke yake. Bei ya omena haitulii. Uvuvi wake hufungwa kuanzia mwezi wa nne hadi wa saba, na kwa miezi hiyo ile sahani ninayoiuza bei ya kila siku hunitoka kwa gharama nyingine kabisa. Zamani nilikuwa naona tu kwamba pesa ya chakula imepanda, sijui ni unga au ni mafuta. Sasa nikifungua mwezi wa tano naiona omena yenyewe imepanda, unga umekaa palepale, na naamua kama nipunguze kipimo au nipandishe bei. Kwa mwenye hoteli, hilo pekee linarudisha ada yao.

Kitufe ninachokitumia kuliko vyote ni "Gawanya". Chukua malipo ya 6,000 kwa duka la jumla. Ndani yake kuna bale ya unga wa ngano ya 2,000 na mafuta ya 2,800, na vitu vya nyumbani vya 1,200. Unashikilia muamala kwa kidole, unaandika 4,800 kwa Chakula na 1,200 kwa Nyumbani, na imekwisha. Kama programu unayoijaribu haina kitu kama hicho, achana nayo mapema.

Sasa malalamiko. Kubwa zaidi ni kuhusu kuhamisha pesa. Nikitoa pesa kwenye Pochi la Biashara, ile akaunti ya M-Pesa ya biashara ndogo, kwenda laini yangu, halafu nikailipia kodi, programu iliandika matumizi mara mbili. Kuhama si kutumia. Kuna alama ya "Uhamisho", lakini wameificha ndani ya menyu ambayo hakuna mtu angeifungua kwa hiari yake. Ni yale yale kwa mkopo. Friji niliinunua kwa mkopo wa chama, na kila marejesho programu iliyahesabu yote kama gharama, mwezi ukaonekana wa hasara na wateja walikuwa tele. Ukirejesha 5,000, na ndani yake riba ni 600, gharama ni hiyo 600. Ile 4,400 ni deni linapungua. Friji yenyewe iko kwenye Vifaa, maana itafanya kazi miaka. Ukiitupa yote kwenye gharama za mwezi mmoja utadhani biashara imekufa.

Pesa taslimu nayo haiioni. Ukishatoa kwa ajenti, programu haina habari tena, na samaki wa Dunga nawalipia mkononi. Kwa hiyo daftari la mia moja bado linaning'inia jikoni kwa kamba. Mpishi anaandika, jioni mimi naingiza. Anayekuambia daftari limepitwa na wakati hajawahi kununua samaki alfajiri.

Upande wa KRA, mamlaka ya kodi, niseme wazi, kwa sababu wauzaji wa programu hizi wanapenda kulitaja jina hilo. Kama uko kwenye TOT, yaani kodi ya mauzo kwa biashara ndogo, unalipa asilimia 3 ya mauzo yote kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita, na matumizi hayapunguzi kitu. Hata uyapange kwa rangi, kodi ni ile ile. Makundi hapo ni ya faida yako mwenyewe. Aliye kwenye kodi ya kawaida ya mapato ndiye matumizi yanampunguzia, ila tangu Januari 2024 anatakiwa awe na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, na meseji ya M-Pesa haitoshi. Programu yangu inakubali picha ya risiti ibandikwe kwenye muamala, jambo zuri, kwa kuwa sheria inataka kumbukumbu zikae miaka 5 na zile risiti za karatasi laini hufutika zenyewe kwa joto la jikoni.

Kundi la makato lilinishangaza. Nilikuwa nayaona madogo madogo, kumbe yakikusanywa kwa mwezi yananunua mtungi wa gesi. Niliwauliza wanaoniuzia, na wale wenye nambari ya Buy Goods, ile ya M-Pesa ya kulipia bidhaa, sasa nawalipa huko, ambako mimi mlipaji sikatwi. Mama wa mboga hana, naye simlazimishi.

Nyota nne. Ningeipa tano kama wangeuleta "Uhamisho" mbele. Kabla hujalipa, angalia kama unaweza kutoa hesabu zako zote kwa faili la Excel, kwa sababu ukiacha kulipa akaunti hufungwa miamala yako ikiwa humo ndani. Yangu inatoa, nami kila tarehe mosi najitumia nakala kwa barua pepe.